Mkono wa Bi Taratibu

Tangu utotoni hakuwa mtu wa kukimbizwa. Ndugu zake walimwita Bi Taratibu, na jina likamganda: chai yake hupoa kabla hajaikoroga, na mumewe humtambua kwa hatua zake kwenye ngazi, moja, kisha nyingine baada ya kufikiri. Nani alimpa kazi ya kushika koki ya mtambo wa maabara, Mungu ndiye ajuaye.

Mtambo wenyewe ni mtungi wa chuma. Ndani unatia plastiki na, ili iwe imara zaidi, unga wa udongo ambao chembe zake jicho halizioni. Taabu ya chembe hizo ni kupendana: zinashikana madonge, na plastiki yenye madonge haikawii kupasuka. Dawa yake ni gesi ileile ya mapovu ya soda. Ukiibana sana na kuipasha moto, inakuwa si gesi tena wala si maji, inapenya hadi moyoni mwa donge. Hapo unafungua koki mara moja. Gesi inatanuka ghafla na kuyasambaratisha madonge yote.

Mara moja. Mtafiti, binti mpole aliyekuwa mkuu wake, alishasema hivyo hadi koo likamkauka. Lakini mkono wa Bi Taratibu ulifungua kana kwamba unamnywesha mgonjwa uji. Gesi ikatoka ikijikongoja, madonge yakabaki yamekumbatiana. Sasa ilikuwa Ijumaa. Plastiki safi isipopatikana mara mbili kabla ya jioni, mtambo ungehamishiwa maabara nyingine, naye arudi kuosha chupa. Na aliupenda mtambo ule, jamani, tusifichane.

Akashika koki. Akavuta pumzi. Vumbi la unga likamwingia puani, akapiga chafya ya kishujaa, na mkono ukaruka nayo. Bomba la kutolea gesi nje likanguruma. Walipoitia plastiki kwenye darubini, hapakuwa na donge hata la dawa.

Walicheka hadi wakaegemea ukuta. Mtafiti akajifuta machozi.

“Bado moja, mama. Na chafya haiagizwi.”

“Tujaze tu mtungi,” akasema Bi Taratibu.

Safari hii aliikodolea macho koki kama anayetaka kuoga maji baridi, akacheka peke yake, akaifungua kwa mpigo mmoja. Mngurumo ulimnogea hata akatamani mtungi mwingine. Plastiki ikatoka safi, mtambo ukabaki.

Jioni ile mumewe alisikia mtu anapanda ngazi mbio, mbilimbili. Akavaa shati upesi, akaenda kumfungulia mgeni.