Honi ya Mkwe

Juzi nilipeleka simu yangu kwa kijana anayetengeneza simu pale sokoni Shinyanga, nikasikia harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka. Kijana aliniuliza simu ina tatizo gani, nami nikashindwa kumjibu, maana nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa uani kwetu, upande wa Msalala, nimechuchumaa kando ya pikipiki ndogo ya baba yangu, nimeshika nyaya mbili zisigusane kama nilivyoagizwa. Kijana akaona bibi kizee amezubaa, akanivutia kiti. Sikumlaumu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba alifanya kazi ya umeme kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Aliondoka Jumatatu alfajiri, akarudi Jumamosi jioni, na kijijini kwetu hakuna mwingine aliyekuwa na pikipiki. Ilikuwa nyembamba, rangi imebabuka, lakini Baba aliifuta vumbi kila alipofika kabla hata hajanawa uso. Mama alikuwa akimtania kwamba laiti yeye ndiye angekuwa tangi la petroli, angepata mapenzi zaidi.

Taabu ilikuwa kona ya kwa Bibi, mama yake Mama. Bibi alikaa kando ya barabara hiyo hiyo, chini ya mteremko, kabla hujafika kwetu. Na kwetu Wasukuma wa enzi zile, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, hawasemeshani, hawali pamoja. Wakikaribiana njiani, mmoja anaacha njia na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Si uadui hata kidogo, ni heshima. Ila heshima hiyo ilipangwa na watu wanaokwenda kwa miguu, na pikipiki hawakuifikiria.

Siku moja Baba alizima injini juu ya mteremko ili aokoe petroli, akaja akiserereka kimya kimya. Bibi alikuwa anatoka kisimani na mtungi kichwani. Wakajikuta ana kwa ana kwenye kona, na Bibi wa watu, kwa aibu, akajitupa kwenye ua wa minyaa pamoja na mtungi wake. Goti likateguka, mtungi ukawa vigae. Baba hakuweza hata kumwinua, maana kumgusa kungekuwa balaa juu ya balaa. Alikuja nyumbani mbio kumwita Mama.

Baada ya hapo Bibi akatoa tamko kwamba barabara ile haikanyagi tena, hata goti likipona. Mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka, na hakutaka mkunga mwingine ila mama yake. Mimi mwenyewe nilizaliwa mikononi mwa Bibi.

"Baba Limi," nilimsikia Mama akisema, "pikipiki yako siichukii. Lakini sitajifungua peke yangu kwa ajili ya pikipiki."

Baba akasema hatazima injini tena.

"Haya, usiizime. Malori ya mgodini yanapita pale, na pikipiki za Wazungu zinapita. Mama atajuaje kwamba huyu anayekuja ni wewe? Au ajitupe kwenye minyaa kila injini inapolia?"

Jumamosi iliyofuata Baba alirudi na gunia, na ndani yake mlikuwa na honi ya lori bovu aliloruhusiwa kulichokonoa nyuma ya karakana, betri ndogo, na saa ya duara yenye mshale, ya kupimia chaji.

Jumapili nzima tulishinda uani. Chuma cha kulehemu alikipasha moto kwenye mkaa wa Mama, jambo ambalo Mama alililalamikia mpaka jioni. Betri aliifunga chini ya kiti kwa mkanda aliokata kwenye mpira wa ndani wa tairi, honi akaifunga mbele, na ile saa akaikaza katikati ya usukani kwa kipande cha bati. Mimi niliipenda saa kuliko vyote. Baba alinifundisha kuisoma: mshale ukienda kulia, betri inakula, ukienda kushoto, betri inaliwa. Alipowasha injini nikapiga kelele kwamba tunaliwa, na kweli mshale ulikuwa umelala kushoto. Baba akakuna kichwa. Kumbe nyaya za nyuma ya saa alikuwa amezipishanisha. Akazibadilisha, mshale ukahamia kulia, na mimi nikajiona fundi.

Honi yenyewe ilikuwa na sauti nene ya lori, kwenye kipikipiki kile! Alipoibonyeza mara ya kwanza mbuzi wa jirani alikata kamba. Basi ikawa kila Jumamosi Baba akifika juu ya mteremko anapiga honi mara moja, ndefu. Bibi akiisikia toka uani kwake anaingia kwenye mtama wa kando ya nyumba, anageuza mgongo, Baba anapita taratibu akitazama upande mwingine. Nililiona jambo hilo nikiwa kwa Bibi, na niwaambie ukweli, liliniuma. Bibi yangu anapigiwa honi kama ng'ombe aliyeziba njia. Na bado kwetu hakuja. Goti lilikuwa limepona, lakini hakuja, na Mama alikuwa akifagia uwanja huku macho yakiwa barabarani.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mvua. Nilikuwa nimempelekea Bibi maziwa ya mgando, mvua ikanishika huko, nikabaki. Ilipokatika, Bibi aliketi mlangoni akimenya karanga, lakini kila mara mikono ilikuwa ikisimama. Jua lilikuwa linashuka. Mara tukasikia injini kwa mbali, juu ya mteremko. Ikakaribia, halafu ikanyamaza ghafla. Honi haikulia.

Bibi aliinuka, karanga zote zikamwagika. Akatoka mbio kupanda mteremko kwa goti lile lile, mimi nyuma yake, matope yanaruka. Tulipopinda kona, huyo hapo Baba, anakuja kwa miguu akisukuma pikipiki. Alikuwa amebonyeza honi akaona mshale hautikisiki, akajua waya umekatika. Basi kwa kuogopa kumshtua mama mkwe wake tena, alizima injini akashuka, akawa anatembea huku akikohoa kwa heshima.

Wakatazamana. Bibi akajifunika uso kwa kanga na kumpa mgongo, lakini barabarani hakutoka. Alikuwa anahema.

"Limi," akaniambia, "muulize baba yako kama ameumia."

Baba alikuwa pale pale, anasikia kila neno. Nikamuuliza.

"Mwambie mayu sijaumia," Baba alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, huku akiitazama minyaa. "Ni waya wa honi umekatika. Mwambie anisamehe."

Nikamwambia. Bibi akaikaza kanga usoni.

"Mwambie kesho autengeneze. Akiondoka Jumatatu, mimi nitakuja kukaa na mama yako mpaka ajifungue."

Nilimfikishia Baba ujumbe huo neno kwa neno, kwa sauti kubwa, nikiamini kabisa kwamba bila mimi wasingeelewana. Bibi akatangulia bila kugeuka, Baba akafuata mbali nyuma yake akisukuma pikipiki.

Mdogo wangu alizaliwa wiki ile ile, mikononi mwa Bibi. Mimi nimekuja kulielewa jambo lile nikiwa mama mkwe mwenyewe, usiku wa mkwe wangu kuchelewa safarini, nilipojikuta siwezi kulala. Nilikuwa nimedhani ile honi ni ya kumfukuza Bibi njiani. Kumbe wiki nzima alikuwa akiisubiri, ili ajue mume wa mwanawe ametoka mgodini akiwa hai. Walipendana sana watu wale wawili, na katika maisha yao yote sidhani kama walitazamana usoni zaidi ya siku zile walizokutana pale kwenye kona.