Mjane wa Saa Hakuniuliza Bei

Admin, nifichie jina na shule ninayofundisha, maana hapa Butembo neno likitoka mtaa mmoja asubuhi, mchana limeshapanda vilima vyote.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na miwili, nina mke na watoto watano. Nafundisha historia sekondari, na kanisani ni shemasi. Nina ugonjwa mmoja: siwezi kuona kitu cha kale kinauzwa bei ya chini nikanyamaza. Marehemu baba, kule Alimbongo, aliuza gramafoni aliyoachiwa na mzungu wa shamba kwa mbuzi mmoja, na mbuzi mwenyewe alikuwa na kikohozi. Baadaye tukasikia mchuuzi aliyeichukua ameiuza akanunua pikipiki. Baba alilia habari hiyo mpaka anaingia kaburini.

Basi kuna groupe moja ya Facebook ambako watu wa Butembo na Beni wanauza vitu vya zamani: pasi za makaa, sarafu za Wabelgiji zenye tundu katikati, redio za mbao. Mimi sinunui wala siuzi. Kazi yangu ni kuandika chini ya picha za watu: "Mama, unajipunja. Ongeza mara tano." Hakuna anayeniuliza. Lakini watu wakaanza kuniita Prof, na jina hilo lilinilewesha, nakiri.

Mwezi uliopita mama mmoja, nimwite Masika, akaweka picha ya saa ya ukuta, ya mbao iliyochongwa, akitaka dola arobaini. Mtu akamjibu palepale kwamba kesho atakuja kuichukua. Mimi nikakumbuka saa inayofanana niliyoiona kwenye simu, ya huko Ulaya. Nikaandika, tena kwa herufi kubwa: "MAMA, USIUZE! HIYO NI DOLA MIA TISA." Watu wakashangilia, na mnunuzi akatoweka.

Jioni ile Masika akaniandikia pembeni: "Papa Prof, naomba ufute ile commentaire." Nikadhani mnunuzi ndiye anayemdanganya. Badala ya kufuta nikampa somo refu kwamba sisi Waafrika tunadharau vya kwetu.

Sikujua kwamba ni mjane. Alikimbia machafuko ya upande wa Beni, sasa analala kwa dada yake hapa mjini. Ni fundi wa kushona, lakini cherehani ilikuwa nzito, akaiacha, akabeba saa ya marehemu mumewe mgongoni ndani ya kitenge. Alitaka kuiuza bila kelele apate cherehani ya mtumba, aanze kazi. Shemeji zake walijua anayo na hawakuijali, hadi mtu alipotuma maneno yangu kwenye WhatsApp ya ukoo wao. Siku ya tatu walifika wakaiondoa ukutani, wakisema ni mali ya baba yao na yeye alitaka kuiiba.

Haya yote niliyajua baadaye. Kwanza alinipigia simu shemeji mkubwa wa Masika, kwa heshima nyingi. "Prof, weye njo mutu anajua. Jumamosi tuko na baraza ya famille. Ukuje useme bei ya ile saa mbele ya batu bote, halafu tutagawanya. Transport tutakutumia."

Na mimi mjinga nikafurahi. Nikasema nitakuja.

Kesho yake akapiga Masika. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniumiza. "Papa, ile saa inatembea na betri. Bwana yangu aliondoaka bitu byote bya ndani, bilikuwa bimeoza. Nimebaambia, bamekataa. Banasema Prof hawezi kukosea. Ukuje tu useme hukujua. Kwa kitu ya dola makumi ine habatagombana, batanirudishia."

Nikaanza kujieleza, kwamba picha haikuonyesha ndani, kwamba nia yangu ilikuwa njema. Akanikatiza. "Papa, miye sikukuulizaka bei."

Nikisema kweli, kwamba nilikisia tu, Prof amekwisha. Wazee wa kanisa letu wamekataa kuuza harmoniamu, kile kinanda cha misheni, kwa neno langu kwamba bei ni ndogo, na mnunuzi wa Lubero amekasirika akaenda zake. Wanafunzi wangu wako kwenye groupe ile ile. Nikikaza kwamba ni mia tisa, mjane anapoteza saa na anabaki na jina la mwizi. Niliwaza kusema naumwa, mke wangu akacheka. "Weye ulishauzishaka nini mu maisha yako? Hata kuku za hapa nyumbani, njo miye nauzishaka! Kwenda useme kweli." Tena shemeji ameshatuma hela ya transport, na kuirudisha nimeogopa, maana ataniuliza sababu.

Ndugu zangu, msinikumbushe kwamba ukweli humweka mtu huru. Huo nauhubiri mwenyewe Jumapili. Nimesimama mbele ya kioo mara nyingi nikijaribu kusema "sikujua", nalo ni neno dogo ambalo watoto wananiambia darasani kila siku bila kufa. Mimi kila mara naishia kunyoosha tai.

Leo ni Alhamisi. Masika amenitumia ujumbe mmoja tu: "Papa, utakuja?" Nimeusoma, naye anaona kwamba nimeusoma.

Nishaurini, nifanye nini? Semeni hata kwa ukali. Maishani nimetoa ushauri mwingi ambao hakuna aliyeuomba. Huu nauomba.