Stempu Iliyokatwa Taji la Malkia

Jumatatu nilikuwa posta, mtoto mgongoni, wakati karani alipoita jina la mama mmoja aliyetoka Kitangari kwa miguu. Barua yake ilikuwa imetoka kwa mumewe, anayekata mkonge Tanga. Lakini karani hakuiachia bahasha. Yeye hukusanya stempu zenye makosa ya uchapaji, na kwenye hii, picha ya Malkia wa Uingereza ilikuwa imepanda juu mpaka taji likakatwa.

“Mama, nipe stempu hii. Miaka yote naitafuta. Nitakupa kanga.”

“Barua nimeingoja tangu mikorosho ilipotoa maua, nawe unataka kuikata?”

“Stempu tu, mama. Maneno yote yako ndani.”

“Maneno kaandikiwa na mtu, hajui kuandika. Stempu kailamba mwenyewe.”

Sisi tuliokuwa kwenye foleni tukacheka, yeye hakucheka. Karani akampa kioo chake cha kukuzia. Mama akainama, akaipita sura ya Malkia, akatulia pembeni penye doa la utomvu wa mkonge.

“Dole gumba lake hili,” akasema polepole. “Huu mstari ni kovu la panga.”

Karani akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi laini anayohifadhia stempu zake bora. Akaifungia humo bahasha yote, akamkabidhi kwa mikono miwili.

“Usiiweke karibu na moshi, mama.”

Nilipofika nyumbani nilizitoa barua za baba wa mtoto wangu, nikazitazama stempu moja moja. Zote safi kabisa. Nadhani huzibandika kwa maji.