Harambee ya Mtu Asiyeenda Mbali

Hapana, mjomba, usiniambie dada yangu amesoma vya kutosha! Nilimjibu hivyo mbele ya jamaa wote, nikiwa nimesimama, na mama ananivuta shati niketi.

Dada yangu ako na masters. Sasa anataka kufanya PhD juu ya maji tunayochimba kwenye mchanga wa mto, hapa hapa Machakos. Profesa wa chuo cha karibu amemkubali, lakini skolashipu inalipa karo peke yake. Chakula, nauli na ile miaka ya kuacha kazi ya kufundisha ni juu yetu. Ndio maana tuliita mkutano wa kupanga harambee ya kumchangia.

"Harambee ni ya mtu anaenda," mjomba akasema. "Kijana wa jirani alienda Ujerumani, tukapiga mnada mpaka jogoo. Huyu tutamsindikiza mpaka wapi? Kyumbi, hapo tu njia panda?"

Watu wakacheka. Hata shangazi, na vile ameokoka, alicheka. Dada yangu akaangalia sakafu tu.

Mimi sijaenda chuo. Kuchomelea mageti nilijifunza kwa simu. Lakini niliwaka: "Akienda kusomea maji ya Ujerumani, nyinyi mtayanywa?"

Mjomba akachukua kofia yake akatoka. Mkutano ukaisha bila kamati, bila mweka hazina. Profesa anataka jibu mwezi ujao, na mimi siwezi kukaa chini. Natembea tu hapa nje nikipigia watu simu, mmoja baada ya mwingine.

Wewe nikikupigia, utashika?