Maneno Yaliyoanza na S na T

Tulipopata uhuru, walimu wa Kifaransa walipanda ndege wakaenda zao, shule zikabaki na madawati. Serikali ya vijana ilipoingia ikatangaza kwamba anayejua Kiingereza ajitokeze, kuna darasa Mutsamudu, kisiwa cha pili, halina mwalimu. Mimi nilikuwa Moroni, nina miaka kumi na tisa, na Kiingereza nilichokuwa nacho hakijai kiganja. Nikasema liwalo na liwe, kazi ile ni yangu.

Kamusi niliiazima kwa muuza vitambaa wa Ntsoudjini aliyewahi kuishi Unguja. Ilikuwa ya Kiingereza na Kiswahili. Kwetu Kiswahili wanakijua wazee wachache, na mmoja wao alikuwa bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita koko. Alizaliwa hukohuko Unguja. Shule hakuingia hata siku moja. Herufi alizozijua ni za Kiarabu, za chuoni tulikosomea Kurani.

Nikajifunza kwa njia pekee niliyoijua, ileile ya chuoni: kuimba mpaka kichwa kishike. Maneno niliyakusanya kwa herufi zake za mwanzo. S na N yalikuwa ya puani: sneeze, kupiga chafya, sniff, kunusa, snore, kukoroma. Koko akacheka mpaka akakohoa. "Lo! Wazungu hawa, pua zote wamezitia chungu kimoja!"

Niliyoyapenda ni ya S na T, maana mengi yalikuwa yamekaza: stand, kusimama, steady, imara, stone, jiwe, stubborn, mkaidi. Koko alikuwa akichagua mchele huku ananisikiliza. Nikiruka neno anapiga ungo.

"Rudi!"

"Koko, nimelisema."

"Hukulisema. Rudi!"

Nilikuwa na hasira za karibu, na yeye alikuwa nazo zaidi. Nilirudi.

Mama hakutaka kusikia. Kwetu mtoto wa kike haondoki. Yeye ndiye anayejengewa nyumba, na mume ndiye anayehamia. Yangu ilikuwa imeshafika madirishani. "Ukienda Mutsamudu," aliniambia, "humu atakaa nani? Mbuzi?"

Siku ya mtihani wa kazi nilikuta vijana watatu wa serikali mezani, mkubwa wao hajafika umri wangu. Akafungua kitabu, akaniuliza, "Struggle ni nini?"

Nikaumbuka. Neno nilikuwa nalo, lakini nilikuwa nalo ndani ya wimbo. Sisi tuliolelewa chuoni, ukitushika katikati ya sura hatujui tulipo mpaka tuanze mwanzo. Basi nikaanza mwanzo: "Stain, doa, stair, ngazi, stamp, stempu, stand, kusimama..." Wakaangua kicheko. Mmoja akawa ananipigia makofi kama niko harusini. Wallahi nilitamani ardhi inimeze, lakini sikunyamaza. Niliimba mpaka nikafika: "Struggle, kupambana!"

"Na mtoto akikuuliza darasani, dada, utamwimbia?" akasema yule mkubwa, anajifuta machozi.

"Nipe wiki moja," nikamwambia.

Akanipa, nadhani ili apate kucheka tena.

Nikamwomba koko aniulize ovyo ovyo, asifuate mpangilio wowote. Ebo, aliniandama! Niko bafuni, anagonga mlango: "Kuiba!" "Steal!" Nimebeba ndoo ya maji: "Imara!" "Steady!" Nina tonge mdomoni: "Doa!" Majirani walidhani tumerukwa na akili. Siku tatu za kwanza nilikwama kila mara, na mara moja nilimfokea, astaghfirullah, nikambusu mikono kumwomba radhi. Siku ya nne wimbo ukavunjika. Maneno yakaanza kuja moja moja, kila moja kwa jina lake.

Niliporudi mezani waliniuliza maneno ishirini. Nikayajibu yote ishirini, na hakucheka mtu. Yule mkubwa akaniandikia karatasi ya kazi.

Mama alinuna siku nzima. Jioni koko akamwambia, "Mwache aende. Nyumba haikimbii." Mama akaenda kunitolea sanduku la safari, kwani hata yeye alikuwa anakaa katika nyumba ya koko.

Asubuhi ya safari nilimkuta koko amekaa mlangoni. Kamusi ameifunga kwenye leso, tayari kurudishwa Ntsoudjini. Gari la kunipeleka bandarini lilikuwa limeshafika.

"Koko, naondoka. Nipe radhi."

"Radhi unazo, mwanangu." Akawa anakaza fundo la leso lililokwisha kukazwa. Kisha, bila kuniangalia: "Ila maneno yanayoanza na T peke yake hatujayagusa. Mimi sasa nitasoma na nani?"

Miezi yote ile nilidhani ananisaidia mimi tu. Haikunipitia akilini kwamba naye alikuwa anasoma. Nililia palepale mlangoni, karatasi ya kazi mkononi, dereva ananipigia honi.