Mama Magoti

Wagonjwa walimwita Mama Magoti. Kazi yake ilikuwa kuwanyoosha viungo walioumia, kwa mikono laini na ulimi mkali. Kila asubuhi alilikunja polepole goti la binti mchezaji wa mpira, lililochanika gegedu, ule mfupa laini wa ndani, huku akimfokea: "Usikaze! Nani kakwambia ukaze?" Binti alimwogopa kuliko maumivu yenyewe.

Siku kocha wa binti alipoingia akicheka, akasema, "Mchome ganzi tu, mama, acheze fainali," yule mama hakufoka. Kiganja chake kilibaki juu ya goti.

"Ulimchezesha akichechemea mpaka likachanika," alisema kwa sauti ya chini. "Toka."

Kocha akamgeukia binti, akitaraji kutetewa. Binti alikuwa na hasira aliyoinyamazia tangu aumie.

"Umesikia," akamwambia. "Toka."