Gari ya umeme na mulima wa Fizi

Leo gari ya umeme imechoka kwenye mulima wa Fizi, mama yetu akiwa ndani.

Nianze vizuri.

Yaya Amisi, kaka yangu mukubwa, alifika Baraka asubui na kagari kake ka umeme, batri karibu kwisha. Mama alikuwa anamungoja amupandishe Fizi kwa dada yake mugonjwa.

Mi niko na paneli za jua kwenye paa, ndizo zinaendesha frigo yangu ya samaki. Tukatoa samaki, jirani akakubali kuzikausha, tukachomeka gari.

Jua ilikuwa kali. Halafu mawingu yakatoka upande wa ziwa. Mpaka saa nane, batri ilikuwa haijafika hata nusu.

Mama akasema, "Twende tu. Pale itachokea, nitatembea."

Ilichokea karibu kabisa na Fizi. Mama akashuka kweli, akaenda na kitunga chake kichwani. Hata kutuaga alisahau.

Batu ba barabarani bakatusaidia kuigeuza gari, ikaanza kuteremuka yenyewe.

Ndipo nikaona namba ya batri inapanda.

"Yaya, nani anachaji?"

"Magurudumu. Tukishuka, yanarudisha umeme kwa batri."

Mpaka Baraka niliangalia ile namba tu.

Sasa munaojua mambo ya jua, munisaidie. Nikijaza paa yote na paneli, gari itafika Fizi na samaki zangu zibaki baridi?

Mujibu mbio. Mama iko kule, na anangoja tumurudishe.